Mjenzi, mchezeshaji au mhuishaji: uingie filamu ya vikaragosi kwa mlango upi?

Filamu ndefu ya vikaragosi ina nyota asiyeweza hata kukohoa mpaka apatikane mtu wa kumkohoza. Kope ikipepesa, kuna aliyeipepesa. Shati likikunjika kwenye kiwiko, kuna aliyekaa na sindano akihakikisha linakunjika hapo na si kwingine. Kwa hivyo orodha ya majina ya waliofanya kazi nyuma ya pazia huwa ndefu kuliko mtazamaji anavyotarajia, na kijana wa Nairobi anayetaka kuingia humo hubabaika: milango ni mingi, na kila mmoja unadai kitu tofauti mwilini na mfukoni.

Hapa nalinganisha mitatu: mjenzi anayetengeneza kikaragosi, mchezeshaji anayekitia mkono, na mhuishaji anayekisogeza fremu kwa fremu. Kazi nyingine nitazigusa kwa haraka. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usome ukiujua: kwa mtu wa Nairobi asiye na mjomba kwenye studio, mlango wa mjenzi ndio ulio wazi zaidi. Lakini si kila mtu aupite, na nitasema nani asiupite.

Filamu za mkono na filamu za fremu

Kabla ya kuchagua kazi, jua unaingia ukoo upi. Ukoo wa kwanza ni filamu za mkono: kikaragosi kinacheza mbele ya kamera palepale, mtu akiwa chini yake, nyuma yake au ndani yake. The Dark Crystal ya mwaka 1982, iliyoelekezwa na Jim Henson na Frank Oz, ni ya ukoo huu, na hakuna mwigizaji hata mmoja anayeonyesha uso wake wa binadamu. Vikaragosi vya kamba navyo nimeviweka humu, kama vile vya Team America ya mwaka 2004, kwa sababu navyo huchezwa kamera ikirekodi.

Ukoo wa pili ni wa fremu. Kikaragosi kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, kinapigwa tena. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Pinocchio ya Guillermo del Toro ya mwaka 2022 ni ya ukoo huu. Vikaragosi vyake vikuu vilijengwa na karakana ya Mackinnon and Saunders karibu na Manchester, na mwaka 2023 filamu hiyo ikachukua Oscar ya filamu bora ya uhuishaji.

Nairobi imezoea zaidi ukoo wa kwanza. Miaka ya 1990 kulikuwa na makundi ya vikaragosi yaliyozunguka mitaani na vijijini kufundisha habari za UKIMWI na afya ya jamii. Kisha mwaka 2009 The XYZ Show, iliyobuniwa na mchoraji katuni Gado, ikaanza kurushwa na Citizen TV ikiwa na vichwa vya mpira vya wanasiasa wetu, kwa mfano wa Les Guignols de l'info ya Ufaransa na Spitting Image ya Uingereza. Hicho ni kipindi cha televisheni, si filamu ndefu, ila kililazimisha jiji kuwa na watu wanaojua kufinyanga uso, kuuvisha suti na kuufanya useme. Upande wa uhuishaji, katuni za watoto za Tinga Tinga Tales zilifanyiwa kazi hapa Nairobi na studio ya Homeboyz ikishirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza, lakini ile ilikuwa kazi ya kompyuta, haikuwa na kikaragosi cha kushika.

Nayasema haya kwa sababu moja. Ukichagua kazi ya fremu, unachagua kazi ambayo wateja wake hapa ni wachache, na huenda ukalazimika kuwatafuta nje ya nchi. Ukichagua kazi ya mkono, wateja wapo: vipindi vya watoto, matangazo, mashirika ya afya, makanisa, shule. Mjenzi peke yake ndiye anayeweza kula pande zote mbili.

Meza ya mjenzi

Uzuri wa kwanza wa mjenzi wa Nairobi ni kwamba jiji lenyewe ni ghala lake. Sponji ya magodoro hupatikana kwa kipimo chochote, na mafundi wa sofa wana mabaki wasiyoyahitaji. Manyoya ya bandia, blanketi laini na makoti ya zamani yako Gikomba. Gundi ya viatu, ile ya kupaka pande mbili, inajulikana na kila fundi wa Kariokor. Vitambaa na zipu, Eastleigh na Biashara Street. Na asikudanganye mtu kwamba nyenzo za mitumba ni za kujifunzia tu: kikaragosi mashuhuri Kermit, yule wa kwanza kabisa wa mwaka 1955, Jim Henson alimshona kutokana na koti kuukuu la mama yake, na macho yakawa nusu mbili za mpira wa tenisi ya mezani.

Kazi yenyewe ni ya jiometri kuliko ya sanaa, ingawa wajenzi hawapendi kuambiwa hivyo. Kichwa cha sponji hakichongwi kutoka kwenye bonge. Hukatwa kutoka kwenye kipande bapa, vipande vilivyochongoka kama maganda ya chungwa lililomenywa kwa kisu, kisha kingo zikigundishwa umbo linajikunja lenyewe na kuwa duara. Gundi inapakwa kingo zote mbili na kuachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo unabana. Anayeharakisha hubaki na kichwa kinachofumuka siku ya kurekodi. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi. Mvuke wa ile gundi si wa mchezo.

Halafu kuna macho. Hapa ndipo nimeona wajenzi wawili wenye mkono sawa wakitofautiana kabisa. Macho usiyagundishe mwanzoni, yabandike kwa pini. Simama mbali, tazama kupitia kamera ya simu, si kwa jicho lako. Mboni zikiwa katikati kabisa, kikaragosi kinaonekana kama kimepigwa na butwaa na hakimwoni mtu yeyote. Sasa zisogeze kidogo kuelekea pua, upana wa ukucha hivi au pungufu. Ghafla kinakuangalia. Don Sahlin, mjenzi aliyefanya kazi na Henson kwa miaka mingi, alisifika kwa jambo hili tu: kujua jicho likae wapi kulingana na pua na mdomo. Ukitaka kujipima kama unafaa kazi hii, jiulize kama unaweza kukaa muda mrefu ukisogeza mboni hizo bila kuona unapoteza wakati.

Vichwa vya mpira wa maji, yaani lateksi, ni habari nyingine. Vinabeba sura ya mtu halisi vizuri zaidi, lakini amonia iliyomo ndani ya mpira huo itakufukuza chumbani, na baridi ya Julai ya Nairobi hufanya ukaukaji uwe wa kuchosha. Jua nalo ni adui. Usianike kichwa cha lateksi wala cha sponji juani ukidhani unakisaidia. Mwanga wa jua hukifanya kigeuke manjano, kikauke na kuanza kumeguka.

Anayependa mitambo ana chakula chake pia. Kope na nyusi nyingi huendeshwa kwa waya unaopita ndani ya bomba lake, na waya wa breki ya baiskeli au klachi ya pikipiki kutoka Kirinyaga Road unafanya kazi hiyo bila kulalamika. Mota ndogo za kuendeshwa kwa mbali kwa redio utazikuta kwenye maduka ya elektroniki ya mjini, ukianzia Luthuli. Hoggle wa filamu ya Labyrinth, mwaka 1986, alikuwa na mota 18 usoni, mtu mmoja ndani ya vazi na wengine nje wakiendesha ule uso kwa redio. Kwa maoni yangu, mjenzi anayeanza asiguse mota mpaka awe amejenga vikaragosi kadhaa vinavyovutia bila mota hata moja. Kikaragosi kibaya chenye kope zinazopepesa ni kibaya bado.

Ukihamia ukoo wa fremu, mjenzi anageuka kuwa fundi wa saa. Ndani ya kikaragosi kuna mifupa ya chuma yenye viungo vya gololi, vilivyokazwa kiasi cha kusogea vinaposogezwa na kutulia vinapoachwa. Nyayo zina matundu ya skrubu ili kikaragosi kifungwe sakafuni kila kikipiga hatua. Katika Corpse Bride ya mwaka 2005, vichwa vilikuwa na gia ndogo ndani, na tabasamu lilibadilishwa kwa kuingiza ufunguo mwembamba sikioni na kuuzungusha. Coraline ya mwaka 2009 ilikwenda njia nyingine: nyuso nyingi zilizochapwa kwa printa ya 3D, moja inatolewa na nyingine inawekwa. Njia hii ya pili ni rahisi kuanzia kwa sasa, kwa kuwa printa hizo zimeshafika Nairobi na si lazima umiliki yako.

Ubaya wa kazi ya mjenzi? Kilele cha kazi yake kinakuja kabla kamera haijawashwa, na wakati wengine wanapiga picha na nyota, yeye yuko kwenye hospitali. Studio kubwa huita hivyo kabisa, hospitali ya vikaragosi: chumba ambamo vidole vilivyokatika, ngozi zilizochanika na nywele zilizong'oka huletwa usiku na kutakiwa asubuhi. Asiyeweza kurekebisha kazi yake mara ya kumi bila kununa ataumia hapo.

Mkono wa mchezeshaji

Watu hudhani kuchezesha ni kipaji cha sauti. Sauti ni nusu, na mara nyingi hata si yako. Mwingine anaweza kurekodiwa na wewe ukafuatisha. Kazi iko begani.

Inua mkono wako wa kulia juu kabisa, sikio liguse msuli wa juu wa mkono. Kunja kifundo mpaka kiganja kitazame mbele. Sasa kaa hivyo huku ukitazama skrini ndogo iliyowekwa sakafuni au kifuani pako, kwa maana kikaragosi chenyewe hukioni, unaona kile kamera inachoona. Na skrini hiyo si kioo. Ukisogea kulia kwako, kikaragosi kinakwenda kushoto kwa skrini. Kila mwanafunzi hukipeleka upande usio wake kwa muda, mpaka siku ubongo unapokubali kugeuka.

Mdomo nao una kanuni. Kinachoshuka ni kidole gumba, vile vinne vya juu vitulie. Ukifungua kwa kuinua vidole vya juu, paji la uso lote linaruka na macho yanatazama dari kila neno linapotoka. Kosa la pili ni la wakati: mdomo unapaswa kufunguka silabi inapotoka, lakini mkono usiozoea hufunga badala ya kufungua, ikaonekana kikaragosi kinauma maneno.

Kwa Kiswahili kuna la ziada ambalo video za mafunzo za Wamarekani haziwezi kukufundisha. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, maana yake karibu kila silabi inaomba mdomo ufunguke. Chukua sentensi fupi, “Sijakuelewa kabisa.” Ni silabi tisa. Ukifungua mdomo mara tisa kwa kiwango kimoja, utapata kuku anayedonoa mtama. Mchezeshaji mzuri hufungua kwa upana kwenye “le” na “bi”, pale mkazo unapoangukia, na nyingine anazipitia kwa mwanya mdogo. Ukisikiliza mtangazaji wa mpira wa redioni na kumfuatisha kwa mkono mtupu, utajua ndani ya dakika chache kama mkono wako unasikia lugha au unapigapiga tu.

Vikaragosi vingi vyenye mikono halisi huhitaji watu wawili: mmoja anachezesha kichwa pamoja na mkono wa kushoto wa kikaragosi, mwenzake anakuwa mkono wake wa kulia. (Ndiyo maana vikaragosi vingi vya Henson ni vya mkono wa shoto: mkono wa kulia wa mchezeshaji umo kichwani.) Huo mkono wa kulia ndio mlango wa mgeni. Kazi yake ni kujikunja kwapani mwa mkubwa wake, kunyamaza, na kujua kabla ya kuambiwa kwamba mhusika anataka kujikuna shavu. Kuna majivuno ambayo kazi hii inayavunja haraka sana.

Mwili unalipa. Kwenye The Dark Crystal, waliokuwa ndani ya mavazi ya majitu yaitwayo Garthim walitundikwa kwenye fremu za chuma kati ya picha na picha ili wapumzishwe uzito. Kwenye The Muppet Movie ya mwaka 1979, ili Kermit aketi kwenye gogo katikati ya kinamasi, Henson alijikunja ndani ya tangi la chuma chini ya maji, mkono tu ukipita juu. Mwenye bega bovu au mgongo wenye historia afikirie mara mbili, na hapo simaanishi kukata tamaa, namaanisha kwenda kumwona daktari kabla ya kwenda kwa prodyusa.

Kulinganisha na mjenzi: mchezeshaji hahitaji mtaji wowote, soksi inatosha kuanza. Anachohitaji ni kuonwa. Kazi yake haiwezi kuachwa juu ya meza ya mtu ikajiuza yenyewe. Inabidi awepo, kwenye maonyesho, kwenye majaribio, kwenye video. Mjenzi mnyonge wa maneno anaweza kuishi. Mchezeshaji mnyonge wa maneno anapata tabu mpaka avae kikaragosi.

Fremu za mhuishaji

Hesabu kwanza. Filamu ya dakika 90 kwa picha 24 za sekunde ni fremu 129,600. Wengi hupiga kila mkao mara mbili, kwa hiyo mikao inabaki 64,800. Mhuishaji akitoa sekunde tatu kwa siku, na hiyo ni siku nzuri, mtu mmoja angehitaji siku za kazi 1,800. Ndiyo maana studio hugawa filamu kwenye seti nyingi zinazorekodi kwa wakati mmoja, kila moja na mhuishaji wake nyuma ya pazia jeusi.

Pazia jeusi, na nguo nyeusi pia. Shati jeupe la mhuishaji hurudisha mwanga kwenye seti, na kwa vile kila fremu anasimama mahali tofauti kidogo, mwanga huo utatetemeka kwenye picha. Kila kitu kwenye kamera kinafungwa kwa mkono: mwanga, rangi, fokasi. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaamua tofauti kila fremu.

Sasa ulete ulimwengu huo Nairobi. Uko Kariobangi au Industrial Area, jirani yako ni mchomeleaji wa mageti. Kila akigusa chuma, taa zako zinafifia kidogo kisha zinarudi. Kwa macho huoni. Kwenye filamu, fremu ile moja ina giza kidogo, inayofuata haina, na tukio zima linapepesa. Mbaya zaidi stima ipotee katikati ya hatua: kikaragosi kimesimama mguu mmoja juu, taa zimezimika, na zikirudi zimepoa na rangi yake si ileile mpaka zipate moto. Studio ya mabati inaongeza lake, kwa kuwa joto la mchana hutanua mbao na mabati, na seti uliyoiacha jana jioni haiko pale ulipoiacha, hata kama ni kwa unene wa kadi ya simu. Udongo wa plastiki unalainika alasiri na kuwa mgumu asubuhi.

Haya yote yana dawa. Taa za LED zinazokula betri badala ya stima moja kwa moja, seti iliyofungwa sakafuni kwa skrubu, chumba cha chini chenye ukuta wa mawe badala ya mabati, na programu inayokuonyesha fremu iliyopita juu ya ile unayotaka kupiga. Dragonframe ndiyo inayotumika na studio kubwa, na simu ina programu za bure zinazotosha kujifunzia. Lakini ukiyajumlisha, unaona kwamba mhuishaji wa fremu ndiye anayehitaji mazingira yake yadhibitiwe kuliko wote, na mazingira ndiyo kitu ghali zaidi jijini hapa.

Tabia inayofaa ni ya ajabu kidogo. Wengi huiita subira, nami sikubaliani. Mwenye subira tu husinzia. Mhuishaji anaigiza polepole mno: anashikilia kichwani hasira ya mhusika kwa siku nzima ili sekunde tatu zitoke na hasira moja isiyokatika. Ukipigiwa simu katikati na mwenye nyumba kuhusu kodi, hasira inayotoka kwenye fremu za baadaye ni yako, si ya mhusika.

Waliobaki kikosini

Seremala wa seti za mkono hujenga sakafu juu ya miguu, ili wachezeshaji wapite chini yake wamesimama, na anaacha mianya ambayo kamera haiioni. Mafundi wa fanicha wa Ngong Road wangeiweza kazi hii kesho asubuhi kama mtu angewaambia ipo. Mshonaji wa mavazi madogo hulipwa kwa jicho lake: kitambaa chenye maua makubwa kikivaliwa na mhusika wa ukubwa wa chupa kinamfichua palepale, kwa hiyo anatafuta nyuzi nyembamba na maua madogo. Mpiga picha anakuwa karibu na yule wa kawaida, ila lenzi zake ziko sentimita chache kutoka kwa nyota. Na kuna kijana wa kompyuta anayefuta vijiti, nyaya na mikono iliyobaki kwenye picha. Kama tayari unahariri video, hiyo ya mwisho ndiyo njia fupi kuliko zote nilizotaja, na haina foleni.

Pesa

Mjenzi hulipwa kwa kikaragosi au kwa mkataba wa kazi nzima. Mchezeshaji kwa siku, na siku za mazoezi ndizo zinazozua ugomvi, kwa sababu mwajiri huziona si kazi. Mhuishaji kwa wiki au kwa sekunde zilizokubaliwa, na hapo ajihadhari: anayekulipa kwa sekunde anakuambia uharakishe kitu kisichoharakishwa.

Mjenzi ana hatari yake pekee, nayo ni kununua nyenzo kwa pesa zake. Nimeona prodyusa akiagiza vichwa vinne kwa simu, kisha filamu ikaahirishwa, na mjenzi akabaki na wazee wanne wa sponji sebuleni. Kata sponji baada ya malipo ya kwanza kuingia M-Pesa, si baada ya ahadi. Andika pia nani anayemiliki kiolezo cha karatasi ulichochorea vipande. Kikaragosi kinauzwa, kiolezo ndicho kinachokuwezesha kukijenga tena, na mteja mjanja atakiomba “kwa kumbukumbu tu”.

Faida ya mjenzi ni kwamba filamu ikikosekana anatengeneza kinyago cha tangazo, vazi la mhusika wa duka la watoto, kikaragosi cha shule ya Jumapili. Mchezeshaji naye anaweza kuingia kwenye sherehe za watoto wikendi. Mhuishaji wa fremu ana matangazo mafupi ya mtandaoni, ambayo ni ya sekunde chache na yanalipa kuliko watu wanavyofikiri, ila hayaji kila mwezi.

Jina

Ukitaka kujulikana, chezesha. Frank Oz anajulikana kwa kuchezesha Yoda na Miss Piggy. Waliokata sponji na kufinyanga mpira wa nyuso hizo wanajulikana na wenzao tu. Mhuishaji yuko katikati, maana wahuishaji wenzake humtambua kwa mwendo wa mhusika wake kama vile watu wanavyotambua mwandiko. Hili dogo kwa wengine, kwa wengine ndilo lote. Kuwa mkweli nafsini mwako kabla hujatumia mwaka mmoja ukibana gundi.

Nani aende wapi

Nilisema kuna watakaoharibikiwa wakianza kwa mjenzi. Wa kwanza ni yule ambaye mkono wake tayari unazungumza: akivaa soksi mezani, wenzake wanaanza kuijibu soksi na kumsahau yeye. Huyo asijifiche karakanani miaka miwili. Aende akatafute kikundi cha vikaragosi, aombe kuwa mkono wa kulia, na avumilie kwapa la mtu. Wa pili ni mwenye kazi ya mshahara anayetaka kufanya filamu yake mwenyewe fupi usiku. Kwake fremu ndiyo njia pekee inayomruhusu kufanya kila kitu peke yake, chumba kimoja, pazia nzito, simu moja, taa mbili za betri. Na akimaliza dakika mbili zenye uhai ana kitu cha kutuma popote duniani.

Waliobaki, nenda kwa mjenzi. Ukishajua kujenga, utachezesha vizuri zaidi kwa sababu unajua waya umepita wapi, na utahuisha vizuri zaidi kwa sababu unajua kiungo kipi kitakataa. Kinyume chake hakitokei mara nyingi: wachezeshaji wengi niliowaona hawajawahi kushika sindano, na kope ikikwama wanamwita mtu.

Ukiamua kugonga mlango wa karakana, usibebe picha za simu pekee. Beba kikaragosi kimoja cha mkono, mdomo unaofunga sawasawa mbele na pembeni bila kuacha mwanya, mshono wa manyoya usioonekana ukipapaswa, na mboni zilizowekwa kwa pini, bado hazijagundishwa. Mwenye karakana atachukua kikaragosi, atatia mkono, atakitazama kwenye kioo, halafu atazisogeza mboni hizo mwenyewe. Mwache azisogeze, na uangalie anaziacha wapi.